Filamu ya Jumamosi: tuitazame kwa masikio pia

Ndugu wanakikundi,

Jumamosi tutatazama Manakamana, filamu ya mwaka 2013 ya Stephanie Spray na Pacho Velez, waliotoka katika maabara ya Chuo Kikuu cha Harvard inayounganisha anthropolojia, yaani utafiti wa maisha na tamaduni za watu, na sanaa ya hisi. Haina msimulizi wala mahojiano. Kamera imetulia ndani ya kibanda kinachoning'inia kwenye waya, kikiwapeleka na kuwarudisha mahujaji wa hekalu moja nchini Nepal, na kila safari, kati ya 11 zilizomo, huchukua takriban dakika 10, karibu sawa na mkanda mmoja wa filamu ya milimita 16.

Naomba msikate tamaa ukimya utakapoonekana mrefu, kwa maana humo ndimo utafiti wenyewe ulimo. Sikilizeni kibanda kinavyotikisika kipitapo kwenye nguzo. Waangalieni wanawake wawili wanaohangaika na aiskrimu inayoyeyukia vidoleni, tukio ambalo, kwangu mimi, linaeleza undugu wao kuliko maelezo yoyote ya mtaalamu. Safari moja imewabeba mbuzi watupu, nayo nawasihi msiiruke.

Tafadhali vaeni visikizi na mzime arifa za simu. Mjadala utaanza mara filamu itakapokwisha.