Mguu wa mgonjwa wa kanseri ukivimba, si karuho

Bwana Mhariri,

Naandika toka hapa Bukavu, Kadutu, naomba gazeti lenu litupe habari za damu kuganda kwa wagonjwa wa kanseri, maana jambo hili linaua na hakuna anayelisema, kanseri ya titi tunasikia, ya kizazi tunasikia, lakini hii ya damu kuganda kimya kabisa.

Shangazi yangu alikuwa kwenye dawa za kemo kwa ajili ya kanseri ya kizazi, mguu wake ukavimba, wa kushoto tu, kandambili ikakataa kuingia, ukibonyeza kidole kinaacha shimo na ngozi inang'aa halafu ina moto. Majirani wakasema karuho, yaani sumu ya kulishwa na mtu, si unajua huku kwetu kila kitu wanasemaka karuho, wakaleta mtu na majani yake. Kituo tulichofika kwanza wakatupa pomadi ya kupaka basi. Munganga mmoja kijana, daktari wa hospitali, njo alitusukuma kwenda kufanya ekografi ya mishipa, ile picha ya kuangalia ndani ya mwili, wakakuta donge la damu kwenye paja, na donge kama lile likikatika likapanda mpaka kwenye mapafu, mtu anaweza kukata roho hapo hapo akiwa anaongea nanyi.

Tangu hapo nasoma sana na nimekuta ni jambo la zamani, daktari Armand Trousseau wa Paris alilifundisha mwaka 1865, na mwaka 1867 akaona dalili ileile mwilini mwake, akajua ana kanseri, akafa mwaka uleule. Ila aliyenigusa zaidi ni dokta Alok Khorana, alisomea Baroda kule India, akafanya kazi Rochester, Marekani, halafu hospitali ya Cleveland Clinic hukohuko, na miaka yote hiyo swali lake ni hilohilo: mgonjwa gani wa kanseri damu yake itaganda, na tumjue kabla. Mwaka 2007 yeye na wenzake walifuata wagonjwa 4,466 waliokuwa wanapewa kemo na kurudi nyumbani, kati ya waliokufa, kama 9 kwa 100 waliuawa na damu kuganda, sawa na waliouawa na maambukizi, kanseri yenyewe tu njo iliwazidi. Mwaka 2008 akatoa hesabu yake ya pointi. Kanseri ya tumbo la chakula au ya kongosho pointi 2, ya mapafu, ya kizazi, ya kibofu pointi 1, chembe za kugandisha damu zikifika 350,000 pointi nyingine, emoglobini (ile inayoipa damu wekundu) chini ya 10, chembe nyeupe zaidi ya 11,000, na unene uliopita kiasi, kila moja 1. Ukifika 3 uko kwenye hatari kubwa.

Sasa angalia hapo Bwana Mhariri, hakuna mashine ya ajabu! Ni kipimo cha damu cha kawaida ambacho mgonjwa anafanyiwa kabla ya kemo, na mizani na mita ya kupima urefu, vyote viko Bukavu. Na ninamheshimu kwa kuwa baadaye, mwaka 2019, aliongoza jaribio la kuwapa vidonge vya kuzuia damu isigande wale wenye pointi nyingi, majibu hayakuwa wazi kama alivyotaka, akayatoa vilevile.

Tena vidonge hivyo si vya kununua ovyo farmasi, mwenye kanseri ya tumbo vinaweza kumtoa damu ndani, lazima munganga aamue.

Ninachoomba: wanganga wetu wahesabu hizo pointi kabla ya kemo ya kwanza na wamwambie mgonjwa na anayemlinda. Mguu au mkono mmoja kuvimba, kifua kuuma, pumzi kukatika ghafla, ni hospitali siku ileile hata kama ni usiku. Na wanaokwenda kutibiwa kwenye hospitali ya kanseri ya Butaro huko Rwanda, njia ya msitu wa Nyungwe unakaa kwenye gari saa nyingi miguu imekunjwa, waulize munganga kabla ya kuondoka, na gari likisimama washuke watembee kidogo.

Msomaji wenu,
Kadutu, Bukavu