Barua ya wazi: Mheshimiwa, tunaomba siku moja ya kusubiri upepo utulie

Mheshimiwa,

Salaam kutoka Moshi. Mimi ni kiongozi msaidizi wa wageni Mlima Kilimanjaro, mwaka wa 17 huu, na sita ya mwanzo nilikuwa mgumu, nabeba mizigo kama wenzangu. Sijawahi kumwandikia kiongozi barua. Leo naandika kwa sababu juma lililopita niliteremka geti la Mweka nimemshika mkono kijana mmoja, mgumu wetu, ambaye vidole vyake viwili mpaka sasa havisikii kitu.

Tulifika kambi ya Barafu, zaidi ya mita 4,600, saa tisa alasiri. Mawenzi, kilele cha pili cha mlima, ilikuwa imejifunika tangu asubuhi na upepo unatoka kusini mashariki, upande wa bahari. Aliyelala Barafu mara nyingi anajua maana yake. Saa nne usiku theluji ilikuwa inapenya chini ya hema la jikoni. Nikamwomba kiongozi mkuu tulale, tujaribu usiku unaofuata. Akanijibu nililolijua kabla sijafungua mdomo: kibali kinaisha kesho yake, siku ya ziada ina ada yake, na kampuni hailipi. Saa sita tukaondoka.

Saa sita hatukuipenda wenyewe, Mheshimiwa. Changarawe ya kupandia Stella Point, ukingoni mwa kreta, usiku huwa imeganda, mguu unashika. Jua likishaipiga inalegea, unapanda hatua mbili unateleza moja. Na kabla ya adhuhuri ukungu hupanda kutoka msituni ukafunga njia. Kwa hiyo kufika mita 5,895 na kurudi salama kunategemea saa hizo chache. Upepo ukizichukua, huna pa kujibanza. Hakuna mti wala kibanda, ni mgongo mtupu wa mlima.

Kijana alikuja kutusaidia wageni kileleni. Mikononi alivaa soksi, pea mbili, kwa sababu glavu alizokodi ziliroa tangu kwenye mwamba wa Lava Tower. Tukiwa karibu na Stella Point, mgeni mmoja zipu ya koti lake iliganda ikiwa wazi kifuani. Kijana akavua soksi za mkono wa kushoto ili aifunge. Dakika tatu, labda nne. Alipotaka kuzivaa tena zilikuwa zimekakamaa kama magome ya mti. Mgeni alifika kileleni na cheti amepata. Kijana baridi ilimuunguza vidole, na vidole hivyo ndivyo mtaji wake.

Msituone kama hatujui kupanga safari. Masika, Machi hadi Mei, tunawashauri wageni wasubiri, na asiyeweza kusubiri tunampeleka njia ya Rongai, kwa kuwa upande wa kaskazini hupata mvua kidogo kuliko njia za Machame na Umbwe. Januari na Februari, na tena Juni hadi Oktoba, ndiyo miezi ya kuaminika. Lakini juu kule theluji huanguka mwezi wowote, na kalenda haikwambii upepo wa usiku wa leo.

Mwaka jana ulikaa nasi ukumbini, Mheshimiwa. Ulisema kwa kinywa chako kwamba utabiri wa mlimani utabandikwa kila geti na kila kambi, na kwamba suala la siku ya dharura litaangaliwa. Tulipiga makofi. Mimi nilisimama kabisa. Tangu siku hiyo nimepita mageti yote, na ubao niliouona ni ule wa bei.

Utabiri wa Moshi mjini hautusaidii. Kutoka mjini hadi kilele cha Uhuru ni karibu mita 5,000 za kupanda, na kila mita 1,000 baridi huongezeka kwa nyuzi sita hivi. Agosti 2022 intaneti ya kasi ilifikishwa kambi ya Horombo, mita 3,720, jambo jema ambalo wengi tunalifurahia. Kama intaneti imepanda, kasi ya upepo wa kileleni nayo inaweza kupanda, iandikwe kwa Kiswahili, mgumu aisome kabla hajajitwisha kilo zake 20.

Nahisi shida iko kwenye mfumo wa malipo, unaohesabu siku bila kujua kama mlima ulikuwa wazi au umefungwa. Wenzangu wanasema wanaoamua hawajawahi kulala Barafu. Lolote liwe, linarekebishika.

Nilikuwa nimepanga kukuomba mengi: glavu za kukodi zikaguliwe, bima ya wagumu, ubao wa utabiri. Yote bado nayataka. Lakini kama huwezi yote, tupe moja tu. Askari wa kambi akiona hali imechafuka aandike siku moja ya kusubiri kwenye kibali, bila ada. Moja tu, Mheshimiwa.

Jumamosi naingia Machame, wageni wanane, siku sita zilizohesabiwa. Kijana hatakuwepo. Mama yake aliniuliza jana mlangoni kama usiku ule tulilazimika kuondoka, na sikuweza kumjibu.

Wako mtiifu,
Kiongozi msaidizi, Moshi