Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Sabato ya Kufunga Kambi

Ndugu wanachama,

Habari za fedha mtazipata kwa mhazini. Mimi nitakaa kwenye saa 25 tu za mwaka huu: Sabato ya kufunga kambi yetu ya vijana wa Kiyahudi, 15 na 16 Agosti 2025. Tangu Herb na Barbara Greenberg waanzishe mpango wa Tikvah, wa vijana wenye ulemavu, katika kambi za Kiyahudi za Ramah, Marekani, mwaka 1970, swali la kama vijana wenye ulemavu waje kambini limeshajibika. Lililobaki ni kwamba wakifika wanapewa kazi gani.

Siku ya Kiyahudi huanza jua likizama, kama vile wazee wa pwani wanavyouita Ijumaa usiku "usiku wa Jumamosi". Mishumaa huwashwa dakika 18 kabla ya hapo, na kwa kuwa Sabato hatuwashi wala kuzima umeme, cha umeme kiwe tayari mapema zaidi. Betri za shimesikio (vifaa vya kusikia) zibadilishwe saa 11 jioni, hata kama zina nguvu bado. Viti mwendo vya umeme vichajiwe Alhamisi usiku. Kuhusu kompyuta kibao za kuongelea, marabi hawana kauli moja. Rabi wa kambi aulizwe mwezi Mei, siyo Ijumaa alasiri kijana akiwa ameishika mkononi. Dawa za kifafa, insulini na oksijeni hazina mjadala, maana kuokoa uhai kunaitangulia Sabato.

Asubuhi sehemu ya Torati ilikuwa Ekev, Kumbukumbu la Torati 7:12 hadi 11:25. Wanaitwa watu 7 kwenye usomaji, na kila mmoja husomewa aya zisizopungua 3. Kosa la miaka yote ni kuwaachia vijana wetu kazi moja tu, kufungua pazia la sanduku linalohifadhi gombo la Torati, kisha tunajipongeza. Asiyeona anaweza kuitwa: anasema baraka kutoka kitabu cha nukta nundu, na msomaji anasoma kwenye gombo lenyewe. Asiyeongea anaweza kufunga mkanda wa gombo na kulivika joho. Mkanda wa kunata ni rahisi kuliko wa kifungo.

Kuliinua gombo ni jambo jingine. Kwa kuwa Ekev iko kwenye kitabu cha tano, ngozi nyingi imeshazungushwa upande wa kulia, na mkono wa kulia ndio unaobeba karibu uzito wote. Mwenye udhaifu wa mkono huo asipewe kazi hiyo Agosti. Oktoba, gombo likirudi Mwanzo, uzito unahamia kushoto. Meza ya kusomea nayo ishushwe kutoka jukwaani hadi usawa wa watu. Kumbeba mtu na kiti chake ngazi tatu mbele ya kambi nzima si heshima.

Havdala, ibada ya kuiaga Sabato Jumamosi usiku, ndiyo iliyotusumbua zaidi. Mshumaa wake una tambi kadhaa zilizosukwa, moto ni mrefu na nta inachuruzika, basi ashikaye apewe kinga ya karatasi ngumu. Viungo vya kunusa viwe karafuu nzima. Mdalasini wa unga huwapaliza wenye pumu. Wimbo ukipanda, wenye usonji wawe pembeni, penye njia ya kutokea, wala si katikati ya duara ambako walezi hupenda kuwaweka wakidhani ndiko kushirikishwa.

Na masanduku ya nguo! Yakitolewa mabwenini Ijumaa, kijana anayeishi kwa ratiba huona kambi imekwisha kabla ya Sabato kuingia, na usingizi unampotea. Yatolewe baada ya mshumaa wa Havdala kuzimwa kwenye divai. Ratiba ya picha iendelee hadi Jumapili: kifungua kinywa, basi, mzazi. Dawa zifungwe mwisho kabisa, na dozi ya asubuhi ibaki kwa muuguzi.

Kamati inaomba idhini yenu kwa vitu viwili: mbao za kutandika kwenye nyasi kati ya bweni na mahali pa sala, ambako magurudumu hunasa mvua ikinyesha, na meza ya pili ya kusomea, isiyo na jukwaa.

Mwenyekiti