Derrick wa kantini yetu na hati za mwaka 1943

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua nimjibu msomaji mwenzangu aliyetushangaa sisi tunaoendelea kumkumbuka marehemu Horst Tappert, mwigizaji wa Kijerumani aliyecheza kama Inspekta Derrick katika tamthilia ya televisheni yenye jina hilo. Ameandika kwamba mtu aliyewahi kuvaa sare ya askari wa Hitler hastahili kukumbukwa na Mwafrika yeyote, na kwamba sisi tuliomtazama utotoni tulipumbazwa na televisheni. Hoja yake ni nzito na sikusudii kuipuuza. Hata hivyo, ameandika kama mtu aliyesimuliwa tamthilia hiyo bila kukaa kuitazama, na kwa kuwa mimi nimeitazama tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, kwanza katika kantini ya kambi ya polisi na baadaye popote nilipoweza kuipata, naona ninayo haki ya kutoa ushahidi.

Nimelelewa katika kambi ya polisi ya Nsambya, hapa Kampala. Wasomaji wa gazeti la Kiswahili nchini Uganda hawahitaji kuelezwa kwamba kambini ndiko lugha hii ilikopata makazi miaka yote ambayo mitaani ilikuwa ikitazamwa kwa jicho la wasiwasi. Baba yangu alikuwa mpelelezi, mmoja wa wale askari waliokwenda kazini kwa suruali na shati la kawaida, na majirani zetu walitoka Arua, Kumi, Kitgum na Kabale, kiasi kwamba bila Kiswahili mama zetu wasingeweza hata kuazimana chumvi.

Televisheni ya kantini ilikuwa moja, ya picha nyeusi na nyeupe, iliyofungiwa ndani ya kasha la mbao lenye kufuli, na ufunguo wake ulikaa kwa sajini mmoja aliyeusokomeza katika mfuko wa shati kana kwamba ni ufunguo wa ghala la silaha. Siku ambayo Uganda Television, yaani UTV, ilionyesha Derrick, na umeme ukawa umetuhurumia, wazee walikaa kwenye mabenchi, akina mama wakasimama mlangoni na watoto wachanga mgongoni, nasi tukaketi sakafuni. Tamthilia ilikuwa imepachikwa sauti za Kiingereza. Mama zetu wengi hawakukielewa Kiingereza kile, kwa hiyo sajini alisimama kando ya kasha na kutafsiri kwa Kiswahili, papo hapo, kwa sauti ya gwaride. Vijana wa leo wanawafahamu wale wanaotafsiri filamu kwa Kiluganda katika vibanda vya sinema. Sisi tulikuwa na wetu, na wetu alikuwa na cheo. Tena hakuishia kutafsiri. Derrick aliponyamaza na kumkazia mtu macho, sajini alitueleza anachowaza: “Huyu mama anaongopa. Afande amekwisha kumwona, anamwacha tu ajifunge kamba mwenyewe.”

Msomaji mwenzangu anasema tulipendezwa na magari na majumba ya Ulaya. Sikatai kwamba magari ya BMW yalitutoa udenda, na yale majumba ya matajiri wa Munich yenye bustani na ngazi za mawe tuliyaona kama ikulu. Lakini kama ni magari na majumba, zilikuwapo tamthilia nyingine zilizokuwa nayo mengi zaidi, tena yakilipuka. Derrick hakulipua kitu. Bastola ilitoka mara chache, mbio za magari zilikuwa adimu, na sehemu kubwa ya saa nzima ilikuwa mtu mzima, mwenye mifuko chini ya macho, akiingia sebuleni kwa watu, akiketi, akiuliza swali moja, kisha akisubiri. Kesho yake alirudi nyumba ileile na kuuliza swali lilelile kwa namna nyingine. Mwanazuoni wa Kiitalia, Umberto Eco, alipata kuandika kuhusu tamthilia hii na kuihusisha na mapenzi ya watu kwa mambo ya kadiri, yasiyo na makuu. Namheshimu, lakini nadhani hakuwahi kuitazama akiwa amezungukwa na wapelelezi.

Baba alikuwa mgumu wa kusifu filamu za polisi. Nyingi alizicheka waziwazi. Alipomtazama Derrick hakucheka. “Hii ndiyo kazi yenyewe,” aliniambia tukitembea kurudi nyumbani gizani, “ila yeye ana gari na mimi nina baiskeli.” Baadaye nikatambua kwamba alikuwa ameanza kumwiga, au pengine Derrick ndiye aliyefanana na baba tangu mwanzo. Siku moja sukari ilipungua katika kopo la jikoni kwa kiasi ambacho chai ya watu saba haikuweza kukieleza. Mama alitafuta fimbo. Baba alimwambia angoje, akaketi, akafungua kamba za viatu polepole, akaniuliza shule ilikuwaje, kisha akanyamaza akinitazama. Viatu vyote viwili vilipokuwa vimevuliwa na kupangwa chini ya kiti, nilikuwa nimekwisha kukiri sukari ile na pia senti za mkate ambazo hakuna aliyekuwa amezikosa.

Kwa faida ya wasiomfahamu, Tappert alizaliwa Mei 1923 huko Elberfeld, na baada ya vita aliomba kazi ya uhasibu katika jumba la michezo la mji wa Stendal, ambako ndiko alikojikuta akipanda jukwaani. Mwaka 1966 alijulikana Ujerumani nzima kwa kuigiza kama kiongozi wa majambazi, katika tamthilia iliyosimulia ule wizi mkubwa wa treni uliotokea Uingereza mwaka 1963. Mwizi akatangulia, askari akafuata. Derrick ilianza kuonyeshwa na ZDF, shirika la televisheni la Ujerumani, tarehe 20 Oktoba 1974 na kumalizika Oktoba 1998, ikauzwa katika nchi zaidi ya 100. Yeye mwenyewe alifariki tarehe 13 Desemba 2008, akiwa na umri wa miaka 85. Msaidizi wake Harry Klein, yaani Fritz Wepper, alimfuata Machi 2024. Siku niliyosoma habari ya Wepper niliwapigia simu ndugu zangu wawili, na sote tulimzungumza kama jirani wa kambini.

Sasa nije kwenye sare.

Mwaka 2013, zaidi ya miaka minne baada ya mazishi, ilitangazwa kwamba hati za kijeshi zilizohifadhiwa Ujerumani zilimtaja Tappert kuwa mwaka 1943 alikuwa askari katika kikosi cha Totenkopf cha Waffen-SS, jeshi la chama cha Hitler, kikipigana katika ardhi ya Umoja wa Kisovieti. Hati hazikumtuhumu kwa kosa fulani alilotenda kwa mkono wake. Zilitaja jina, cheo na kikosi. Lakini jina la kikosi hicho linatosha. Askari wake wengi wa kwanza walitolewa miongoni mwa walinzi wa kambi za mateso, na nembo yake ilikuwa fuvu la kichwa. ZDF ikatangaza kwamba haitarudia tena kuionyesha Derrick, na kituo kimoja cha Uholanzi kilichokuwa kimepanga kuirudia kikaahirisha mpango wake. La kuvunda halina ubani.

Msomaji mwenzangu anadhani sisi mashabiki tuliipokea habari hiyo kwa kuziba masikio. Mimi nilikuwa na picha ya Tappert niliyoikata katika jarida, nikaitia fremu ya kioo na kuitundika sebuleni, hatua mbili kutoka picha ya baba. Jioni ile niliishusha. Sikuivunja wala sikuichoma. Niliitoa katika fremu nikaiweka ndani ya jalada la kadibodi, na nyuma yake nikabana karatasi niliyochapisha yenye habari za hati zile. Humo zimekaa pamoja mpaka leo, maana hata mpelelezi wa daraja la chini anajua kwamba ushahidi haugawanywi mafungu mawili, unaoupenda ukautundika na usioupenda ukaukalia.

Kilichonikasirisha, na hili nalisema kwa kuwa naona wengi hukosea mahali pa kuweka hasira, si yule kijana wa miaka 19. Kijana wa miaka 19 katika nchi iliyoshikwa na wendawazimu hupelekwa kwingi, mara nyingine kwa kupenda na mara nyingine kwa kusukumwa, nasi Waganda ni watu wa mwisho kujifanya hatulielewi jambo hilo. Kilichonikasirisha ni yule mzee mashuhuri. Alipoulizwa kuhusu vita alieleza kwamba alikuwa akihudumia wagonjwa katika kikosi chake na kwamba alitekwa, basi. Mtu huyo alitumia miaka 24 ya maisha yake akiigiza kama askari anayewaambia wenye majumba makubwa kwamba jambo lililofichwa linamla aliyelificha. Mwandishi wake, Herbert Reinecker, aliyeandika peke yake sehemu zote za tamthilia hiyo, naye alikuwa mwandishi wa habari za vita katika Waffen-SS. Nikirudia sasa kuzitazama sehemu zile, nikiona jinsi kila mara hatia inavyofukuliwa katika nyumba ya watu waungwana waliokwisha kusahau, nashindwa kujizuia kuwafikiria wazee hao wawili, mmoja akiandika na mwingine akitamka. Sehemu kadhaa zimekuwa bora zaidi kwangu kwa sababu hiyo, jambo ambalo naliona aibu kidogo kulikiri.

Msomaji mwenzangu pia anauliza tulimpenda nani hasa. Swali hilo ni la haki, tena gumu kuliko alivyodhani. Nilipopata intaneti nyumbani kwa mara ya kwanza niliitafuta Derrick kwa Kijerumani, na dakika ya kwanza nilidhani nimekosea, kwa kuwa sauti niliyoisikia sikuijua. Ile niliyoipenda tangu utotoni ilikuwa ya mtu mwingine, Mwingereza au Mmarekani aliyekaa katika studio na kusoma karatasi. Kwa hiyo mapenzi yangu yalikuwa kwa macho ya Tappert, maneno ya Reinecker, koo la mtu nisiyemjua na Kiswahili cha sajini. Ukiniambia nimwondoe mmoja kwa ajili ya dhambi zake, nitakuuliza nianze kumkata wapi.

Tena kuna jambo ambalo nisingelitaja kama barua ile isingesema kwamba Mwafrika hana sababu ya kujihusisha na siri za wazee wa Kizungu. Baba yangu aliingia polisi kabla ya mwaka 1971 na alikuwa bado kazini mwaka 1979. Katika miaka hiyo minane, ambayo kila mtu nchini humu anajua ilikuwa ya nani, alifanya kazi ya upelelezi. Hakuwahi kutusimulia chochote kuihusu. Alisimulia utoto wake, alisimulia mafunzo, kisha hadithi iliruka na kutua mahali ambapo mimi nilikuwa nimezaliwa. Sisemi kwamba alitenda ubaya. Nasema kwamba mimi, niliyejifunza kwa Derrick na kwa yeye mwenyewe namna ya kuketi mbele ya mtu, kuuliza na kusubiri, sikuwahi kumwuliza, na alifariki mwaka 2001 nikiwa nimekaa kando ya kitanda chake kwa wiki tatu nikimsomea magazeti. Picha yake ingali ukutani. Msomaji mwenzangu akitaka kunihukumu kwa ajili ya picha ile ya Mjerumani iliyo ndani ya jalada, ni sharti anipangie pia hukumu kwa ajili ya hii.

Kuhusu pendekezo lake kwamba kituo chochote cha televisheni hapa nchini kisifikirie kamwe kuirudisha tamthilia hiyo, sikubaliani. ZDF ni ya Wajerumani na aibu ni yao, wana haki ya kuishughulikia wapendavyo. Hapa ingefaa ionyeshwe, ikitanguliwa na maelezo ya dakika mbili yanayosema wazi yule mwigizaji alikuwa nani mwaka 1943. Watoto wetu wanatazama mambo mabaya zaidi bila maelezo yoyote.

Mwisho, barua ile ina makosa mawili ambayo shabiki hawezi kuyaacha yapite. Kwanza, sehemu za Derrick si 280 bali ni 281. Pili, ameandika kwamba maneno mashuhuri ya Derrick katika tamthilia ni “Harry, lete gari.” Wajerumani wenyewe huyarudia kwa mzaha mpaka leo, lakini sentensi hiyo, kama wanavyoinukuu, haimo katika tamthilia. Mimi niliposoma hayo kwa mara ya kwanza nilibisha, kwa kuwa nilikuwa na hakika nimeyasikia mara nyingi, kila walipomaliza kumhoji mtu na kutoka nje ya nyumba. Ilinichukua siku kadhaa kukumbuka kwamba niliyasikia kwa Kiswahili, kutoka kando ya kasha la mbao, kwa sauti ya gwaride.

Wasalaam,

Mwana wa Kambi,
Nsambya, Kampala