Kabla hamjaanza kumhudumia mama

Dada mpendwa,

Bwana asifiwe. Nimefurahi mno kusikia kikundi chenu kimekubali kumhudumia yule mama asiyeinuka kitandani. Umeuliza muanze na maombi au nyimbo. Anzeni na swali. Upofu wa Bartimayo ulionekana na kila mtu, lakini Yesu alimwuliza: "Wataka nikufanyie nini?" Mwulizeni mama mwenyewe, si binti yake. Huenda anachotamani ni kukatwa kucha tu.

Kisha pangeni zamu. Wiki ya kwanza huja watu kumi, ya nne haji hata mmoja. Wajane walipokuwa wakisahauliwa katika Matendo 6, dawa ilikuwa kuchagua watu 7 na kuwakabidhi kazi hiyo. Nanyi nendeni wawili wawili, kwa siku zinazojulikana, na wa akiba awepo.

Sasa mwili, maana hapa ndipo wengi hukosea. Asiyeweza kujigeuza ageuzwe kila baada ya saa 2 hivi, usiku pia. Asipogeuzwa, mfupa hubana nyama kwenye godoro, damu haipiti, kidonda kinaanzia ndani kabla hakijaonekana nje. Kagueni kitokono (mwisho wa uti wa mgongo), nyonga na visigino kila siku. Penye wekundu, bonyeza kwa kidole: wekundu usipofifia, asipalalie tena. Kwa ngozi nyeusi wekundu hujificha, basi papaseni kutafuta joto au ugumu. Na tafadhali msipasugue kwa mafuta! Nia ni njema, lakini mnazidi kuumiza nyama iliyokwisha kuchoka. Kumsogeza, wawili mnyanyue kwa shuka iliyokunjwa chini yake; kumburuta huchubua ngozi. Mto mmoja kati ya magoti, mwingine chini ya miguu, visigino visiguse godoro.

Mnapomwogesha, funueni kiungo kimoja tu: osha, kausha, funika, ndipo uende kingine. Bwana alipowatawadha wanafunzi miguu aliifuta pia kwa kitambaa. Kufuta kusisahauliwe, hasa kwenye mikunjo, kwa kuwa unyevu huozesha ngozi.

Chakula ale akiwa ameketi wima, kijiko kidogo kidogo, asilazwe mpaka zipite dakika 30. Akikohoa kila anapomeza, acheni, mwiteni mhudumu wa afya.

Maombi yawe mafupi, kwa ruhusa yake. Hali yake msiitaje kanisani bila yeye kukubali, hata kama ni kwa kuombewa. Aibu humwumiza mgonjwa kuliko mnavyodhani.

Na yule binti je? Msamaria hakumwachia mwenye nyumba ya wageni mzigo mtupu. Alimpa dinari 2 na kuahidi kurudi. Chukueni angalau usiku mmoja kila wiki, yeye alale. Mkifika, mwambieni aende kitandani moja kwa moja, asiwapikie.

Niandikie mkishapanga zamu.

Wako katika Kristo