Risala ya Klabu ya Mazingira kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Kupanda Miti

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Shule, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu, shikamooni.

Mheshimiwa, shule yetu iko jirani na Msitu wa Amani, Usambara Mashariki. Mwezi uliopita tuliingia msituni na mwalimu wetu, tukazungushia kamba kipande kidogo, tukapima unene wa kila mti kwenye kimo cha mita 1.3, kama wapimavyo maofisa misitu. Miche ya kufika goti tuliihesabu mpaka tukachoka. Fito zilikuwa nyingi, miti ya unene wa nguzo michache. Mnyasa, mti mrefu wa asili wa msitu huu, wa kukumbatiwa na wanafunzi watano ulikuwa mmoja tu.

Hapo tukaelewa jinsi miti ya aina nyingi inavyoishi pamoja. Msambu, mti mwingine wa asili wa hapa, ukiwa mchanga huvumilia kivuli. Husubiri miaka, mwembamba kama fimbo. Mti mkubwa ukianguka na kufungua tundu la mwanga, huo uliosubiri ndio unaopanda juu. Pengo likiwa kubwa mno, hushinda miti inayopenda jua na kukua upesi. Amani yameikuta hayo: miti minene ilipovunwa kwa misumeno hadi miaka ya 1980, musizi, mti usio wa asili ya Usambara ulioletwa kupandwa, ukajaa kwenye mapengo, mbegu zake zikisambazwa na ndege aitwaye hondohondo.

Mheshimiwa, kukata mti mnene si sawa na kukata ufito. Minene ndiyo izaayo kwa wingi. Tena misambu ina miti dume na miti jike. Madume ya jirani yakiondoka, jike huenda lisizae. Na kuna madhara yasiyoonekana kwa mbali: mashamba ya iliki chini ya msitu. Juu miti mikubwa imesimama, mtu hudhani msitu ni mzima, kumbe chini vyote vimefyekwa na warithi hawapo.

Sisi wenyewe mwaka jana tulipanda miche ya aina moja, siku moja, kwa mistari. Itakua kimo kimoja.

Kwa hiyo tunaomba tepu mbili za kupimia, na miche ya misambu na minyasa. Lakini tunakusihi, Mheshimiwa, miche hiyo isiletwe yote leo. Iletwe kidogo kidogo kila masika, ili wadogo zetu walio kidato cha kwanza watakapofika cha nne, pale tulipopanda pawe na fito, na miche ya goti, na mingine ndiyo kwanza inachipua.

Tunaomba kuwasilisha.