Taarifa ya mwenyekiti kwa wanachama: mwaka wa kudai slaisi nyembamba

Wanachama wenzangu, sisi tunaojenga modeli za 3D za mwili wa mgonjwa kutoka picha za CT (mionzi inayoupiga picha mwili slaisi kwa slaisi, kama vipande vya mkate), habari za tangu mkutano mkuu uliopita. Niseme mapema tu, kama kuna mtu kaja kusikia tumenunua printa ya 3D basi atanisamehe, hatujanunua, na aliyeipinga kwenye kamati ni mimi, sababu zake ndo karibu taarifa yote hii.

Kazi zilizotujia kwa wingi mwaka huu ni za uso, na chanzo mnakijua, bodaboda. Mtu kaanguka hana helmeti, shavu limevunjika na mifupa inayozunguka jicho nayo imeguswa, daktari wa upasuaji anataka aione kwa 3D kabla hajashika kisu, anatuletea CD ya picha za CT, tukifungua tunakuta slaisi za milimita 5. Hapo hata uwe na laptopu ya bei gani hutoki, maana sakafu ya tundu la jicho ni mfupa mwembamba kuliko milimita 1, kwenye slaisi nene unachanganywa na mafuta na hewa ya jirani inatoka wastani. Kipimo cha Hounsfield, namba za CT zinazoonyesha kitu kinazuia mionzi kiasi gani, si mnakikumbuka, maji 0, hewa -1000, mfupa huwa tunaanza kuuchagua kwenye 200 na kitu (huyo Hounsfield aligawana Nobel ya 1979 ya kubuni CT na Allan Cormack, ambaye hesabu zake alizianzia Cape Town, msije mkasema CT haina mkono wa Afrika). Sasa mfupa uliochanganywa na hewa unasoma chini ya hapo, programu inaona huu si mfupa inautupa, modeli inatoka na tundu, daktari anasema hapa pamevunjika kumbe pazima kabisa. Kwa hiyo msimamo wetu ni uleule, modeli haimfikii daktari mpaka mtu arudi kwenye slaisi zenyewe akahakiki, hata kama inapendeza vipi kwenye skrini.

Kinachouma ni kwamba slaisi nyembamba zinapatikana! Mashine nyingi za siku hizi zinaweza kutoa chini ya milimita 1, ila zinazotumwa ni zile nene kwa kuwa ni chache na zinasomeka haraka, data ghafi inakaa kwenye mashine kwa muda tu, diski ikijaa inafutwa. Ikishafutwa ndo basi, mgonjwa arudi apigwe mionzi upya na mfuko utoboke upya. Kuna hospitali tuliwapigia siku hiyohiyo wakasema sava haina nafasi. Jamani, slaisi 300 za kichwa ni kama MB 150, kuna watu humu video za harusi kwenye simu zao zinazidi hapo. Ndo maana kamati ikaamua hela iende kwenye diski za kuhifadhia na semina za maradiografa, wale wanaopiga hizo picha, walionuna kwenye grupu nawaelewa, printa inapendeza kuipiga picha.

Tulipopata data nzuri kazi ilionekana. Alikuja mgonjwa wa ameloblastoma, uvimbe ule unaokua polepole mpaka unakula taya la chini, na wengi wanafika umeshakuwa mkubwa. Kwenye kompyuta tulichukua upande wa taya usiougua tukaugeuza kama kwenye kioo, tukauweka mahali pa ulioharibika, modeli tukaenda kuichapisha kwa watu wenye mashine, daktari akakunja pleti yake ya titani, chuma cha kushikilia taya, juu ya modeli mapema, sio aje kuhangaika nayo mgonjwa yuko mezani kalazwa usingizi. Mfupa wa kujazia ulitoka mguuni, ule mwembamba pembeni ya muundi, ila kabla ya hapo miguu ilipigwa CT yenye dawa ya kuonyesha mishipa, maana wapo watu ambao unyayo wao unalishwa na mshipa huohuo mnaotaka kuuchukua na mfupa. Hili vijana wengi wanaliruka, akili yote iko kwenye mfupa.

Za ini zilikuwa chache. Pale daktari anataka kukata sehemu ya ini, swali ni ujazo, kitakachobaki kinatosha? Ini lenye afya madaktari wanataka libaki angalau asilimia 20 hadi 30, lenye makovu 40, na hesabu hiyo bila kuchora mipaka vizuri ni kubahatisha.

Programu tunaendelea na za bure. 3D Slicer iliyoanzia Boston, na InVesalius ya Wabrazili, ilianza 2001 pale Campinas kwa ajili ya hospitali zao za umma, mimi binafsi naipenda kwa anayeanza. Ila wenye Slicer wanaandika wazi ni ya utafiti, haijaidhinishwa kwa tiba, basi hiyo sentensi iwemo kwenye kila ripoti tunayotoa.

Na mafaili ya wagonjwa kwenye grupu la WhatsApp sitaki tena. Kufuta jina haitoshi, CT ya kichwa ukiijenga 3D ngozi inatoka na sura yake, ndugu yake anamtambua, na sheria ya kulinda taarifa binafsi hapa Tanzania tunayo tangu 2022. Atakayerudia anatolewa, hata awe mjumbe wa kamati.

Ada bado wengi hamjalipa. Mweka hazina anawasomea hesabu sasa hivi, maswali ya printa muulizeni yeye kwanza zimebaki shilingi ngapi.